Samaki Waliotunukiwa Nishani

Ilikuwapo nchi, na ingali ipo, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na afisa wa vibali yuko semina. Ilikuwa nchi ya amani. Tunajua ilikuwa ya amani kwa kuwa redio ilisema hivyo kila asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya michezo.

Katikati ya nchi hiyo palikuwa na ziwa, na juu ya ziwa, vilimani, palikuwa na mgodi wa dhahabu. Dhahabu ya huko ilikuwa unga mwembamba uliojificha udongoni, na ili kuukamata watu wa mgodi walitumia zebaki, yale madini ya majimaji yanayong'aa na kuviringika kiganjani. Kazi ikiisha, dhahabu ilipanda ndege na zebaki ilishuka na mto hadi ziwani. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mwaka Kitengo cha Upimaji Maji kilichota maji ya ziwa, kikayapima, kikayakuta safi.

Mkuu wa kitengo hicho alikuwa Bwana Ndalahwa Bugumba, mtu mrefu, mpole, mwenye shahada mbili za kemia na woga wa kuzaliwa nao. Siku ya kupima alipanda boti akiwa amevaa tai, akajaza chupa, akaimimina kwenye mashine ambayo wafadhili waliiacha, kisha akautazama mshale wa mashine ukilala kwenye sifuri bila wasiwasi. Akaandika "safi", akarudi nyumbani kula. Hakuwa akidanganya. Maji yalikuwa safi kweli, na hilo ndilo lililomtesa baadaye.

Mgodi nao ulijua ujirani mwema. Kila Ijumaa ulituma ofisini kapu la sangara. Minofu waliila watumishi, na vichwa alikula paka wa ofisi, ambaye jina lake lilikuwa Mkaguzi, kwa kuwa ndiye pekee pale aliyewahi kukagua chochote. Basi mwaka mmoja Mkaguzi alianza kwenda upande. Alikuwa akiulenga mlango akagonga ukuta, akamrukia mjusi akaangukia mahali ambapo mjusi hakuwapo. Kamati ya Nidhamu ilikaa, ikamtia hatiani kwa ulevi kazini, ikampa onyo kali la mdomo. Paka alimsikiliza mwenyekiti hadi mwisho, akageuka atoke, akagonga kabati. Haukupita muda akafa. Ofisi ilitoa tangazo kwamba amestaafu.

Bugumba alimpenda yule paka. Ijumaa iliyofuata, wenzake walipokwenda kunawa mikono, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza: badala ya maji, alitia samaki kwenye mashine. Alianza na dagaa, mshale ukatikisika kidogo. Akatia sato, mshale ukapanda. Kisha akatia nyama ya sangara mzee, na mshale ukaenda hadi mwisho wa njia, ukagonga kizuizi, ukabaki hapo. Mpaka leo haujarudi.

Akakaa chini. Kemia aliyoisoma ilitosha kumweleza yaliyobaki. Dagaa humeza kidogo kilichomo kwenye majani na uchafu wa ziwa. Sangara humeza dagaa kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, na ile zebaki ikishaingia katika nyama yake haina haraka ya kutoka. Maji yalikuwa safi kwa sababu samaki walikuwa ghala. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akikagua sahani baada ya chakula kuliwa.

*

Waziri wa Maji, Samaki na Fahari alikuwa Mheshimiwa Daktari Injinia Kasoga. Udaktari alitunukiwa, uinjinia alijitunuku mwenyewe. Alimpokea Bugumba akiwa ameegemea kiti kilichokuwa kipana kuliko kitanda cha watu wawili.

"Mheshimiwa, samaki wetu wana zebaki," Bugumba alisema.

"Wana zebaki, au wana tuhuma za zebaki?"

"Wanayo, Mheshimiwa. Dagaa anayo kidogo. Sato anayo zaidi. Sangara mkubwa, yule aliyeishi sana, ndiye aliyejaa."

Waziri alimwomba arudie, polepole. Bugumba akarudia.

"Yaani," Waziri alisema, "kidogo cha wadogo wengi kinapanda na kupanda, hadi kinafika kwa mkubwa mmoja."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na kikishafika kwa mkubwa, hakirudi chini."

"Kurudi ni shida, Mheshimiwa."

Waziri aliinuka, akaenda dirishani, akasimama akilitazama ziwa. Alipogeuka macho yake yalikuwa na unyevu. "Bugumba, hiyo ni serikali. Maisha yangu yote nimetafuta maneno ya kuwaeleza wananchi jinsi serikali inavyofanya kazi, kumbe samaki walishaiunda zamani."

"Mheshimiwa, ni sumu. Inaingia kwenye ubongo. Mikono inatetemeka, macho yanafifia, mtu anasahau hata alichosema jana. Na mama mjamzito akiila, inamfuata mtoto tumboni, na akijifungua inamfuata kwenye maziwa, na mtoto ndiye anayeumia zaidi."

"Hiyo sehemu ya mwisho tutaihariri," Waziri alisema kwa upole, akamsindikiza hadi mlangoni.

Bugumba hakulala vizuri wiki ile. Hata hivyo alijifariji kwamba ameshasema, na kwamba likishafika kwa wakubwa jambo si lake tena. Watumishi wengi wa nchi ile walilalia mto huo.

Jumamosi Waziri alihutubia uwanjani. "Ndugu wananchi," alisema, "maji yetu ni safi. Wanaotuonea gere wanauliza, uchafu wa mgodi umekwenda wapi? Nawajibu mchana kweupe: samaki wetu wameubeba. Wameubeba bila mshahara, bila posho, bila kuomba uhamisho. Na wakubwa wao wamebeba kuliko wadogo, kwa maana mkubwa ni jalala. Nani kati yenu amefanya hivyo kwa ajili ya nchi hii? Nyoosheni mikono niwaone."

Hakuna aliyenyoosha. Basi samaki wote wa ziwa wakatunukiwa Nishani ya Uvumilivu, Daraja la Pili, kwa kuwa Daraja la Kwanza lilikuwa limehifadhiwa kwa Mtukufu Mkuu wa Nchi. Nishani yenyewe, ya shaba, ilitupwa majini kwa heshima zote za kijeshi. Sangara mmoja mkubwa aliibuka, akaimeza, akazama. Magazeti yaliandika kwamba aliipokea kwa unyenyekevu.

Kisha ikaja Sheria ya Mgao. Ilisema kwamba samaki mkubwa ni mtumishi mkubwa, na si adabu mtumishi mkubwa kuliwa na mtu mdogo. Kwa hiyo wananchi watakula dagaa, makarani na walimu watakula sato, wakurugenzi na kuendelea watakula sangara, na wale sangara wazee kabisa watakwenda kwa mawaziri. Atakayesema lolote baya juu ya samaki atahesabiwa amemkashifu mtunukiwa, na atafungwa.

Wananchi walilia. Wanawake wa sokoni walijifunga vitambaa vyeusi. Watu walikaa mbele ya dagaa wao wakikumbuka supu za zamani, wakawaonea wakubwa wivu mpaka kifua kikauma. Nchi ile haikuwahi kutunga sheria iliyowalinda wanyonge kama ile, na ilitungwa ili kuwanyima.

Bugumba naye hakusahauliwa. Kwa ugunduzi wake alipandishwa cheo kuwa Mkurugenzi.

*

Sasa nieleze mila moja ya watu wa huko, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu aliyepandishwa cheo alirudi nyumbani kwa miguu mizito.

Binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake kujifungua. Mimba ikikomaa, baba yake humletea kichwa cha samaki mkubwa kuliko wote anaoweza kumpata, na humpakulia kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya majirani. Binti hula macho ya samaki ili mtoto aone mbali. Hula ubongo ili mtoto awe na akili. Hata akishajifungua, kichwa huendelea kuja hadi atoke arobaini, maana kinaleta maziwa. Baba asiyeleta kichwa ni kama amemwambia mwanawe, huo mzigo wako haunihusu.

Na Bugumba alikuwa na mtoto mmoja tu. Huyo ni Nyanzobe, mwalimu wa watoto wadogo, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, na mwezi uleule Sheria ya Mgao ilipotangazwa alishuka kwenye basi na tumbo lake la miezi saba, akamkumbatia baba yake, akamwambia, "Baba, safari hii sitaki kusikia habari za sato. Wewe ni Mkurugenzi."

Mgao wa kwanza uliletwa na Afisa Mgao, Bi. Kagemulo, mama mstaarabu aliyevaa viatu vya kimya. Nyuma yake askari wawili walibeba sangara kwenye machela.

"Shikamoo, Mkurugenzi," alisema. "Hongera kwa cheo. Samaki aliwe humu humu ndani na jamaa yako. Mimi nitakaa hapo kwenye kochi nikisubiri mifupa."

"Mifupa?"

"Tunaihesabu, Mkurugenzi. Wengine wanawapa watu wasiostahili."

Mama Nyanzobe, mke wa Bugumba, alimpika yule samaki kwa nyanya na ndimu mpaka mtaa mzima ukajua. Majirani wakaja na mikeka yao. Nyanzobe aliketi amenyoosha miguu, kanga mbili mpya, uso unang'aa. Sinia likawekwa mbele ya baba. Bugumba alikinyanyua kile kichwa kwa mikono miwili. Akakiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akaanza kula.

Alikula macho. Akavunja fuvu akanyonya ubongo. Mzee mmoja alinong'ona kwamba pengine mwenzetu ana njaa.

"Baba Nyanzobe," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini, "umesahau?"

"Sijasahau," alisema Bugumba, na alikuwa akisema kweli.

"Baba, nimekukosea nini?" Nyanzobe aliuliza.

"Hujanikosea kitu, mwanangu."

"Basi nipe hata jicho moja."

Bugumba alilimeza lile jicho la pili. Lilimkwama kooni, akalisukuma kwa maji.

Mama Nyanzobe alisimama. Aliapa mbele ya watu kwamba kama mwanawe amenyimwa, basi yeye naye hataonja kipande cha samaki wa mlafi huyu. Watakula dagaa, wao wawili, kama watu wasio na mwanamume ndani. Mumewe aliinama ili watu wasione jinsi maneno hayo yalivyomfurahisha. Alimmaliza sangara peke yake, mpaka mkia, na Bi. Kagemulo akaondoka na mifupa iliyotimia.

Mtauliza kwa nini hakuwaambia. Nisimpambe: aliogopa. Bi. Kagemulo alikuwa kwenye kochi na masikio yake yote. Mkewe alikuwa na moyo wa dhahabu, lakini siri kwake ilikaa kama maji kwenye pakacha. Akimwambia yeye, kesho soko zima litajua, na keshokutwa nyumba nzima iko ndani kwa kumkashifu mtunukiwa, na binti yake atazalia jela. Kumwambia Nyanzobe peke yake? Nyanzobe naye angemwambia mama yake, maana alikuwa akimwambia kila kitu. Hivyo akaamua moyoni kwamba atakula yeye. Mwana akishajifungua, akatoka arobaini, siku ya kumrudisha kwa mumewe atamweleza pale mpakani, upande wa pili wa kamba, ambako kumsema samaki si kosa. Atamwambia asiwahi kula samaki mkubwa wa ziwa hili, wala kumpa mtoto, na atamwomba msamaha.

Alijua pia zebaki inafanya nini kwa kumbukumbu ya mtu. Kwa hiyo alichukua leso yake ya mfukoni akafunga fundo kwenye ncha, kama mama yake alivyokuwa akifunga pindo la kanga ili asisahau chumvi. Kila alipoligusa alijisemea: nikumbuke kumwambia Nyanzobe asile samaki.

*

Akaanza kutafuta kushushwa cheo. Alifikiri hilo litakuwa jepesi. Akishushwa kuwa karani ataletewa sato, akiwa si kitu ataletewa dagaa, na hapo atampakulia mwanawe kwa mikono miwili mbele ya dunia.

Alianza kuchelewa kazini. Ikasemwa kwamba sasa amejifunza uongozi, maana mtu anayesubiriwa ndiye mkubwa. Akalala kwenye mkutano akakoroma. Kumbukumbu za kikao ziliandika kwamba Mkurugenzi alitafakari kwa sauti. Siku moja alikata shauri, liwalo na liwe, akamwambia Waziri usoni kwamba Sheria ya Mgao ni ya kipumbavu na itawaua wote. Lakini Waziri naye alikuwa amekula mgao wake kwa uaminifu, masikio yake yalishaanza kuchoka, na alichosikia ni sauti tu ya mtu mwenye hisia kali. Alimshukuru. Wiki iliyofuata Bugumba akawa Katibu Mkuu, na sangara aliyeletwa alihitaji askari wanne.

Mikono ilianza na chai. Kikombe kilitoka mezani kimejaa kikafika mdomoni nusu. Midomo ikafa ganzi, akawa anajiuma bila kujua. Macho yake yakawa yanaona cha mbele tu, pembeni giza, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hakuwa peke yake. Kwenye Baraza la Mawaziri vijiko vilisikika vikigonga visahani tangu mwanzo wa kikao, na kikao chenyewe kilifunguliwa mara tatu na Mheshimiwa yuleyule, kila mara kwa makofi. Kwamba mawaziri walisahau ahadi zao, hilo halikuonekana, kwa kuwa lilikuwa desturi ya siku nyingi. Waziri Kasoga alipokwenda kuzindua daraja, utepe aliukosa akakata tai ya mgeni rasmi.

Wananchi waliotazama waliona wakubwa wanatetemeka, wakajua ni uzito wa madaraka. Vijana wenye tamaa ya kupanda wakaanza kutetemesha mikono mbele ya kioo. Benki zikatangaza kwamba saini halali ni ile iliyopinda, na karani mmoja mwenye mwandiko ulionyooka alikamatwa kwa kughushi. Mkono mtulivu ukawa dalili ya mtu asiye na dhamana yoyote, au mwenye jambo analificha.

Alasiri moja Nyanzobe alikuja kukaa karibu na baba yake barazani. Kwa wiki nyingi alikuwa akimsalimia kwa mbali tu. Alimwona akihangaika kufunga kifungo cha shati, akashindwa kuvumilia, akamfungia.

"Baba, mkono wako una nini?"

"Ni cheo, mwanangu."

Walicheka kidogo, wote wawili, na kicheko hicho kilimuumiza Bugumba kuliko kununiwa. Akaona heri aseme sasa hivi, asingoje kufika mpakani. "Nyanzobe, nisikilize. Usile..."

Hodi ikabishwa. Viatu vya kimya vilikuwa vimeshaingia uani.

"Nisile nini, Baba?"

Bugumba alimtazama Bi. Kagemulo, akaitazama machela. "Usile haraka," alisema.

"Nile haraka kitu gani, nawe unakimaliza?" Nyanzobe aliinuka kwa taabu, mkono kiunoni, akaingia ndani. Baba yake alikula mgao wake peke yake. Machozi yalimtoka akila, na Bi. Kagemulo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia pilipili nyingi haifai kwa umri wake.

Tangu siku ile alilishika lile fundo mara nyingi zaidi. Alihisi maneno yanateleza, kwa hiyo aliyapunguza ili kichwa kiyabebe kwa urahisi. Kwanza ilikuwa: nikumbuke kumwambia Nyanzobe asile samaki. Baadaye: mwambie Nyanzobe, samaki. Mwisho yakabaki mawili, akawa anayasema akivaa, akioga, akipanda gari: Nyanzobe, samaki. Nyanzobe, samaki. Dereva alimsikia, akawaambia wenzake kwamba mzee anampenda bintiye sana, sijui kwa nini anamnyima.

*

Mheshimiwa Kasoga aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo jina lake hakulikumbuka, na ndege ikaondoka naye hivyohivyo. Nafasi yake alipewa Bugumba. Alikula kiapo cha uwaziri mara mbili, kwa kuwa alisahau kama ameshakila, na Mtukufu akamsifu kwamba ana msisitizo.

Siku ileile Nyanzobe alijifungua. Alizaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Walipompa babu yake ampakate, yule mtoto alimshika kidole, na kidole chenye kutetemeka kikatulia kidogo katika kile kiganja. Bugumba alifurahi mpaka akacheka peke yake. Alimtazama usoni kwa muda mrefu kupitia bomba lake la kuonea, macho yale maangavu yanayomfuata mtu, na alijua kwamba kuna kitu kikubwa alikuwa amemfanyia mtoto huyu. Kitu gani, hakikuja.

Siku ya saba mgao wa Waziri ukafika. Alikuwa sangara mzee wa ziwa zima, mgongo wake umeota ukungu, ameshindwa kuingia mlangoni ikabidi ageuzwe upande. Tumboni mwake walikuta ile Nishani ya Uvumilivu. Bi. Kagemulo alikuwa ameing'arisha, akaiweka juu ya kichwa cha samaki kama kofia.

Majirani walijaa. Wengine walikuja kumwona mtoto, wengi walikuja kumwona mlafi. Mama Nyanzobe alipika kwa kuwa sheria ilimtaka, kisha akakaa kando na bakuli la dagaa, mgongo ameupa sinia. Nyanzobe aliketi kwenye mkeka, mtoto kifuani. Hakumtazama baba yake. Alikuwa ameshazoea.

Bugumba alikinyanyua kichwa. Mikono yake, kwa mazoea, ilikipeleka kwenye sahani yake mwenyewe, na watu wakaguna kwa pamoja. Jasho likamtoka. Akatia mkono mfukoni akatoa leso ajifute, na kidole kikagusa fundo.

Akalitazama. Alijua kwamba fundo lile amelifunga yeye, na kwamba amelifunga kwa ajili ya jambo ambalo ni kubwa kuliko uwaziri wote. Alilitazama sana. Nyumba nzima ikamngoja. Kisha midomo yake ya ganzi ikaanza yenyewe, kama ilivyozoea: Nyanzobe, samaki.

Uso wake ukafunguka. Alimtazama mwanawe aliyekonda, akakitazama kichwa cha samaki kwenye sahani isiyo yake, akaona aibu iliyomchoma mpaka utosini. Kumbe ni hili. Wiki zote hizi alikuwa amesahau hili.

"Mwanangu," alisema. "Nisamehe. Nilifunga fundo nisisahau, na bado nikasahau."

Aliinuka na sahani. Ilitetemeka mchuzi ukimwagika kwenye suruali yake ya uwaziri, lakini hakukubali kusaidiwa. Alipiga magoti mbele ya mkeka, akaling'oa jicho la kwanza kwa vidole vyake, akamlisha. Akamlisha la pili. Alivunja fuvu akampa ubongo wote, akihakikisha hakibaki kitu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Nyanzobe aliligeukia sinia akilia, akalisogeza bakuli la dagaa kwa mguu, akamega kipande kikubwa cha kifua.

"Nilijua utakumbuka, Baba," Nyanzobe alisema. Alikuwa akila na kulia kwa pamoja. "Nilimwambia Mama, iko siku atakumbuka."

Bugumba alikaa palepale sakafuni, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alilifungua lile fundo kwa meno, maana vidole havikuweza, akaikunjua leso magotini na kuinyoosha.

Bi. Kagemulo alikusanya mifupa, ikatimia, akaaga. Wiki hiyo maji ya ziwa yalipimwa kwa mujibu wa ratiba, yakaonekana safi.

Mtoto akaamka akalia. Nyanzobe alilamba vidole, akafuta midomo kwa pindo la kanga, akamnyonyesha.